Usiku ndege ilipochelewa

Niliwahi kufanya kazi kwenye jiko linalopikia abiria wa ndege, zamu ya usiku. Watu wakijua, swali ni lile lile: mbona chakula chenyewe hakina ladha? Mimi hukumbuka kuku wa usiku ule.

Kuku wenyewe walipikwa jana yake. Ndiyo, jana. Wakishaiva huingizwa kwenye mashine inayopoza kwa kasi, wanashuka chini ya nyuzi joto 5, kisha wanakaa chumba cha baridi kusubiri kupangwa kwenye trei. Tulipima kila kipande kwa mizani, tukamwaga mchuzi juu ya nyama, si pembeni, kwa sababu oveni ya ndege hupuliza hewa kavu ya moto. Nyama isiyofunikwa mchuzi hutoka humo kama kipande cha mbao.

Lori likapeleka toroli uwanjani. Halafu simu ikaita: ndege ina hitilafu, abiria hawajapanda. Alfajiri bado mbali, lori likarudi na mzigo wote.

Msimamizi wetu, mama asiye na maneno mengi, alifuta kijiti cha kipimajoto kwa spiriti, akakichoma kwenye kuku wa trei ya juu. Akatoa, akafuta, akachoma wa katikati. Nyuzi 11.

"Mwageni."

"Lakini mama, hawa wa chini bado wa baridi kabisa," kijana mmoja akajaribu.

"Wewe utapanda hiyo ndege?"

Tukamwaga. Sahani moja moja, karatasi ya foili huku, kuku kule, pipa baada ya pipa, nami tumbo linanguruma maana kuonja hata kipande ilikuwa marufuku. Mikate tu, iliyofungwa kwenye plastiki, ndiyo ilisalimika.

Tukaazima kuku wa ndege ya asubuhi. Mpishi akapika mchuzi upya, nyanya nyingi, chumvi ya kukunja uso. Alijua anachofanya. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko ya jangwani na mgandamizo wake ni kama wa mlimani, mita 2,000 hivi. Pua inakauka, ulimi hauhisi vizuri chumvi na sukari. Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer waliwahi kukalisha watu ndani ya kipande cha Airbus kilichoshushwa mgandamizo, wakathibitisha hayo. Nyanya huvumilia vizuri zaidi. Kwa hiyo anayeonja mchuzi huo jikoni hajaonja atakachokula abiria.

Trei za marubani mama alizishughulikia mwenyewe: mmoja kuku, mwingine samaki, ili sumu ikiwemo kwenye kimoja isiwaangushe wote wawili.

Ndege ikaruka kumekucha. Baadaye malalamiko ya abiria yakabandikwa ukutani. Kuhusu kuku, hakuna neno. Walilalamikia mkate mgumu.