Projesteroni: nawajibu wadogo zangu wa Dodoma

Meseji zinazonifikia huku Marekani kutoka Dodoma zamani zilikuwa za nauli na viza. Siku hizi wanawake waliobadili jinsia kama mimi wananiuliza homoni: "Dada, nikiongeza projesteroni si matiti yatajaa?" Wengi wanajitibu kimya kimya, estradioli (aina ya estrojeni, homoni ya kike) ya kuagizia, damu haijawahi kupimwa. Siwalaumu. Ukiwa Nkuhungu utaingia zahanati gani ujieleze, kisha utoke bila maneno?

Hayo ya matiti kujaa hayajathibitishwa. Mwongozo wa mwaka 2022 wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya waliobadili jinsia, unasema ushahidi hautoshi kuonyesha kwamba faida inazidi hatari. Wapo madaktari wanaoiandika hata hivyo, wangu mmojawapo, ila alinieleza hilo kwanza. Mwenye kizazi akitumia estrojeni huongezewa projesteroni ili ukuta wa kizazi usinenepe ukaleta saratani. Sisi hatuna kizazi cha kulinda. Na kama unameza siproteroni kuzuia testosteroni, homoni ya kiume, jua kwamba nayo ni ya ukoo huohuo wa projesteroni. Unaongeza juu ya iliyopo.

Linalonitisha zaidi ni Depo, ile sindano ya uzazi wa mpango. Kuna binti kaniambia, "Mbona ipo tele, nachoma ya miezi mitatu." Hapana, mdogo wangu. Ile ni medroksiprojesteroni, imetengenezwa maabara na haifanyi kazi sawa na projesteroni yenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo 2002 uliwapa wanawake wa miaka 50 hadi 79 vidonge vya dawa hiyo pamoja na estrojeni. Saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda vikaongezeka. Umri wao si wetu, lakini mimi simshauri mtu achome.

Kidonge changu cha projesteroni nakimeza usiku maana kinaleta usingizi mzito. Ndani yake kuna mafuta ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga asikiguse. (Waingereza walihangaika na karanga pale Kongwa tangu 1947, wakashindwa, mimi nimekuja kuzimeza ughaibuni.)

Wanaoniomba niwatumie vidonge kwa msafiri, sitatuma. Sijui presha yenu, wala kama kwenu kuna historia ya damu kuganda. Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali hapo Dodoma, General au Benjamin Mkapa, siku hiyohiyo. Ukishindwa kueleza yote, sema tu unameza vidonge vya estrojeni. Hilo linamtosha daktari kuanzia.