Siku moja maishani mwangu: usaili wa nafasi moja

Saa 11:00 alfajiri
Adhana inanikuta nishaamka. Nasali, natia chai kwenye chupa, natoka kusubiri daladala ya 502 hapa Bububu, Unguja. Mimi ni mhariri wa habari katika redio binafsi ya Mjini, mwaka wa sita sasa. Leo tuna usaili wa mwandishi mmoja, na jana sikulala vizuri.

Saa 12:20 asubuhi
Taarifa ya saa 1 ina habari saba. Mbili nazitoa: ni hotuba za wakubwa kwenye semina, hakuna aliyeulizwa swali. Ya Mtambwe, kule Pemba, naipandisha juu. Kijana wetu wa Wete amerikodi karafuu zikimwagwa kwenye jamvi, unazisikia zinavyochakarika, halafu mama mmoja analalamika kwamba pishi anayopimiwa inajazwa mpaka inafanya kichuguu. Mwenye shamba atazipeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zikikauka. Mchumaji hulipwa kwa pishi.

Kijana huyu anajitolea kwetu mwaka wa pili. Hatumlipi.

Saa 4:00
Wasailiwa watatu. Wa kwanza hakuwa na la kusema. Wa pili, binti mwenye stashahada, alisoma habari bila kukwama hata mara moja. Meneja akamuuliza, "Una mchumba? Utaolewa lini?" Binti akainama, akaanza kukunja pembe ya mtandio wake. Nikamwambia asijibu. Wanaume wawili hawakuulizwa hilo, na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, inakataza ubaguzi kazini. Meneja alinuna. Na anune.

Wa tatu alikuwa kijana wa Wete, kaja kwa boti.

Saa 7:00 mchana
Tumebaki wawili ofisini, mimi na meneja.

"Dada yangu, redio ni sauti. Yule anasema Kipemba."

Nilimkumbusha kuwa Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kwenye mkutano wa Mombasa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ulikuwa uamuzi wa kikao. Haukumfanya Mpemba kuwa na ila mdomoni.

"Basi aendelee kujitolea, atazoea."

Hapo nilimweleza jambo ambalo sijawahi kumweleza. Mimi nilijitolea miaka mitatu, katika kituo ambacho sitakitaja. Nauli yangu ilitoka kwenye bahasha za semina, zile pesa wanazopewa waandishi na wenye shughuli. Siku moja nilikuwa na swali zuri kuhusu fedha za mradi wa maji, nikalimeza, kwa sababu aliyesimama mbele ndiye mwenye bahasha na mwanangu alikuwa hana maziwa. Swali lile ninalo mpaka leo. Zile hotuba mbili nilizozitoa asubuhi zililetwa na vijana wetu wengine wasiolipwa. Nilipoziona nilijua zimetoka wapi.

Meneja hakujibu. Akaomba nimwachie mafaili.

Saa 10:00 jioni
Matangazo, mkutano wa zamu, umeme ukakatika na jenereta likachelewa.

Saa 2:15 usiku
Taarifa imekwisha. Meneja amepiga: mkataba wa mwaka mmoja, kijana wa Wete. Binti tutamwita nafasi ikipatikana. Nimeandika jina lake kwenye daftari langu, kwa sababu mafaili ya ofisini hupotea. Wale wengine wanaojitolea bado sijawapatia kitu.

Nikampigia kijana. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa haya, "Dada, na ile nauli ya Mtambwe itarudi?"

Nimemwambia alete hesabu ya miaka yote miwili.