Siku moja maishani mwangu: cherehani, baiskeli na Jumamosi ya mpira Malindi

Saa kumi na moja alfajiri

Kwanza nanawa mikono kwa sabuni, kisha natoboa kidole kupima sukari ya damu. Kidole chenye mabaki ya embe au chai tamu huidanganya mashine, nami nataka nambari ya kweli kabla sijaigusa baiskeli. Leo imesoma 6.4 (milimoli kwa lita). Ingekuwa chini ya 5 ningekula kwanza na kungoja. Chini ya 4 nisingetoka. Na ikizidi 14 pia nabaki nyumbani, kwa sababu mwili usio na insulini ya kutosha, yaani homoni inayoshusha sukari, ukiutia kazi ngumu, sukari huweza kupanda zaidi badala ya kushuka. Mipaka hii nimepewa na daktari wangu. Kila mgonjwa ana yake.

Nina kisukari aina ya pili. Vidonge vilinitosha kwa miaka, kisha havikutosha tena, na sasa najidunga insulini asubuhi na jioni. Nyumbani hatuna friji, kwa hiyo chupa ninayotumia inakaa ndani ya chungu kidogo kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga ambao mama watoto huumwagia maji kila asubuhi. Maji yakikauka taratibu, chungu cha ndani hupoa. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinakaa kwenye friji ya jirani, Mungu amzidishie.

Asubuhi ya safari nadunga tumboni, siyo pajani. Paja likianza kazi damu hukimbia huko na kuivuta dawa upesi, na sukari ikaporomoka ukiwa katikati ya barabara kuu. Kipimo cha siku kama hii daktari amenipunguzia. Naswali, nakula nusu chapati na mbaazi, natia pakiti mbili za glukosi mfuko wa mgongoni.

Saa kumi na mbili kasorobo

Tunakutana watu wanne kabla jua halijachomoza: fundi umeme, mwalimu wa madrasa, kijana wa duka la simu na mimi fundi cherehani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulipwa kwa kuendesha baiskeli. Mwalimu anatumia Black Mamba ya marehemu baba yake, chuma kizito kisicho na gia, na bado hatumwachi nyuma kirahisi.

Msimu huu wa kusi, upepo utokao kusini, tunakwenda kusini. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikishaingia, kuanzia Desemba, tunageuza: tunavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui. Wengine hudhani tunapenda tu kubadilisha mandhari. Sababu yangu ni damu. Ukianza na upepo wa uso, kazi ngumu unaifanya ungali na chakula tumboni, na unarudi nyumbani upepo ukikusukuma mgongoni saa ile ambayo sukari imeshuka na miguu imechoka. Kijana wa simu, ambaye hana ugonjwa wowote, alilalamika mwanzoni. Siku hizi yeye ndiye anayetazama minazi inainamia wapi kabla hatujapanga njia.

Tunapita uwanja wa ndege, tunashika barabara ya Mombasa. Malori ya usiku bado yapo, na matatu za kwanza zinakimbilia abiria. Tunakwenda mmoja nyuma ya mwingine, taa zinawaka mbele na nyuma. Karibu na Msabaha kuna kipande ambacho kila nikikipita bega la kushoto linakumbuka: bodaboda ilikata mbele yetu bila ishara, nikaruka juu ya usukani, mtulinga ukavunjika. Mkono ukafungwa kitambaa kifuani kwa wiki nyingi. Fundi cherehani mwenye mkono mmoja hawezi hata kutunga uzi. Kazi ilisimama, sukari ikapanda kwa maumivu na kwa kukaa, na huo ndio wakati nilipoachishwa vidonge nikapewa sindano. Mfupa umeunga. Ukiugusa utaona umebaki na nundu.

Saa moja kasoro dakika chache tuko Gede, kwenye njia panda ya Watamu, kilomita kama 15 kutoka mjini. Mama wa mahamri ameshatandika. Wenzangu wanaagiza chai. Mimi napima: 4.6. Inashuka, na safari ya kurudi bado. Pakiti moja ya glukosi kwenye maji, nakaa robo saa, napima tena: 6.1. Hapo ndipo nakunywa chai yangu, kavu.

Mazungumzo ya pale ndiyo ninayoyapenda wiki nzima. Fundi umeme hajachoka kusimulia habari za Biniam Girmay wa Eritrea, ambaye mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua yoyote ya mashindano yale. Mimi nina watu wangu wengine: Team Novo Nordisk, timu ya kulipwa ambayo waendeshaji wake wote wana kisukari aina ya kwanza. Wamewahi kushiriki mbio za Milano–Sanremo, karibu kilomita 300 kwa siku moja. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilikuwa nimelala na mtulinga wangu, nikiambiwa na kila mgeni aliyekuja kunizuru kwamba baiskeli sasa basi, ugonjwa huu unataka mtu atulie. Ugonjwa huu hautaki mtu atulie. Unataka mtu apime.

Saa mbili asubuhi

Kurudi ni raha tupu, kusi linasukuma. Nyumbani nakoga, kisha naketi kizingitini na kioo cha mkononi, nakagua nyayo. Kati ya vidole, kisigino, ukingo wa kidole gumba. Ganzi imeanza kuingia vidoleni, na mwaka jana mshono wa ndani wa kiatu kipya ulinichubua nisihisi chochote mpaka nilipoona soksi ina damu. Kidonda kile kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha shati, na kilinikalisha msimu mzima wa kaskazi: kusafishwa, kufungwa, kurudi kliniki, kusafishwa tena. Madaktari waliuokoa mguu. Tangu wakati huo kila kiatu kikiingia nyumbani nakigeuza, nautafuta mshono wa ndani kwa vidole vya mkono, na ukiwa mkali naushonea kitambaa laini juu.

Saa tatu

Kibanda changu kiko Majengo. Muhula wa tatu unakaribia, kwa hiyo meza imejaa sare: kaptula za kaki, sketi za bluu, mashati ambayo wazazi wanataka yawe makubwa kidogo yafike mwakani. Kijana wangu wa kazi anakata, mimi nashona. Natumia cherehani ya miguu, na kila nikimaliza kaptula kadhaa nasimama, nazunguka kibanda, natoka mpaka barabarani na kurudi. Kukaa tangu asubuhi mpaka jioni kunaniharibia nambari kuliko sahani ya wali.

Saa tano

Ameingia mama mmoja na mwanawe wa kiume, wa darasa la mwisho la msingi au karibu na hapo. Namjua kijana: anacheza winga timu ya watoto ya mtaani ambayo jezi zao nimezishona mimi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi?"

Mama akaweka jezi na kaptula mezani. "Fundi, nirudishie chochote utakachoweza. Hachezi tena."

Nikawavutia benchi. Alikuwa akinywa maji usiku kucha na kukojoa bila kikomo, kisha akaanza kutapika na kuhema kwa nguvu. Wakadhani malaria, wakamkimbiza hospitali, wakaambiwa ni kisukari aina ya kwanza. Amelazwa, ametoka wiki iliyopita. Sindano mara kadhaa kwa siku. Mama anaeleza yote haya kwa sauti ya chini, mtoto anatazama jezi yake nambari 11 kama vile ni ya mtu mwingine.

Nikamtolea mashine yangu. Nikamwonyesha vidole vyangu. Kisha nikamuuliza kama anamjua Nacho aliyekuwa beki wa Real Madrid.

"Yule aliyewafunga Ureno Kombe la Dunia? Ile ilipiga mwamba ikaingia?"

Huyohuyo, 2018, mechi ya tatu kwa tatu. Nikamwambia Nacho aligunduliwa kisukari, aina hii yake haswa, akiwa na miaka 12. Aliambiwa mpira umekwisha, kisha daktari mwingine akamwambia hapana, cheza. Ameshinda Ligi ya Mabingwa mara sita. Kijana alitazama mama yake. Mama alinitazama mimi, na ile sura sitaisahau upesi, hasira na tumaini vimechanganyika.

Sikumwambia amruhusu kucheza. Mimi si daktari, na ugonjwa wake si sawa na wangu: mwili wake hautengenezi insulini, wangu unatengeneza kidogo na hauitumii vizuri. Nilimwambia, "Dada, kabla hujairudisha jezi, rudi kliniki na maswali matatu. Aanze mazoezi sukari ikiwa ngapi? Siku ya mechi dawa ibadilishwe au ibaki? Na nani uwanjani ajue dalili?" Akaniomba nimwandikie. Nikaandika nyuma ya karatasi ya vipimo, kwa chaki ya bluu iliyokuwa mkononi.

Walipoondoka, jezi ilibaki kwangu. Nikaichukua ile kaptula, nikafumua pindo la kiunoni nyuma, nikashona ndani yake mfuko mdogo wa kitambaa kinachovutika, mshono mara mbili, kifuniko kisicho na kifungo wala zipu ili akianguka chali kisimuumize. Pakiti ya glukosi inaingia barabara. Nimekimbia kibandani nikiruka na kaptula ya mtoto mkononi kujaribu kama pakiti itatoka. Haikutoka.

Saa saba

Adhuhuri, sima, mchicha wa nazi, samaki wa kuchoma. Usingizi kidogo.

Saa kumi

Nimeipeleka kaptula uwanja wa Alaskan, ambako timu inafanya mazoezi. Pembezoni wamekaa wazee wao walewale wanaobishana kuhusu mpira wa Pwani, na leo mada ilikuwa klabu ya Feisal ya Mombasa, mabingwa wa Kenya mwaka 1965. Kila Bandari, klabu nyingine ya Mombasa, inaponyanyua kombe, kama walivyofanya 2019, wazee hawa husema vizuri, lakini ligi? Ligi lini? Mimi nakubaliana nao. Pwani ina vipaji vinavyocheza mchangani mpaka magoti yanaisha, na wanaopata viatu vizuri ni wachache mno.

Nikamvuta kocha kando. Yeye alishasikia kwamba kijana ni mgonjwa, hakujua ugonjwa gani. Nikamwambia la kutazama: mtoto akianza kutetemeka, kutoka jasho baridi, kukasirika ovyo au kunyamaza ghafla, mtoe, mpe kitu kitamu, ngoja robo saa, apimwe. Akizimia usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Kocha alinirudishia maneno yangu moja moja mpaka yakamkaa. Kisha akaishika kaptula, akaugeuza ule mfuko.

"Fundi, hizi zingine utaweza kuzitia?"

"Zipi zingine?"

"Zote. Sitaki awe yeye peke yake mwenye mfuko."

Nimeondoka pale nimebeba fungu la kaptula chafu mgongoni na nina furaha ya ajabu.

Saa kumi na mbili unusu

Magharibi. Sindano, nusu saa, chakula: wali kiasi cha ngumi, maharage, kachumbari nyingi. Nakula nyumbani kwa makusudi. Njia ya kwenda banda la mpira imepangwa viazi vya karai, bajia na mishkaki, na saa hiyo kila mtu anamkaribisha mwenzake.

Saa moja unusu Arsenal wanacheza. Nilianza kuwapenda msimu wa 2003–04, mechi 38 bila kushindwa hata moja, na sijawahi kuwaacha, hata Mkenya mwenzetu Victor Wanyama alipohamia Tottenham, mahasimu wetu, na nusu ya Malindi ikanichokoza. Kwa Wanyama nilijiruhusu. Lile bao lake la mbali Anfield, uwanja wa Liverpool, Februari 2018, nililishangilia nikiwa nimevaa jezi nyekundu, na ningelishangilia tena leo.

Watu wengi hudhani safari ya kilomita 30 ndiyo hatari kwangu. Mpira unanisumbua zaidi. Leo wakati wa mapumziko nimepima gizani kwa tochi ya simu: 11.8, na chakula nilipima vizuri. Ni roho juu. Moyo ukienda mbio mwili humwaga sukari kwenye damu kana kwamba unajiandaa kupigana. Daktari ameniambia nisiikimbilie kwa dawa ya ziada, itashuka yenyewe. Nimekunywa maji, nimesimama kipindi chote cha pili nyuma ya banda, karibu na mlango, nikihamisha uzito mguu huu na huu. Bao likaja dakika za mwisho, la timu yangu. Nimepiga kelele mpaka koo likauma.

Saa nne unusu usiku

Isha nimeswali. Mashine inasema 6.9. Nambari nzuri, ila siku ya safari siiamini peke yake, maana misuli huendelea kujaza akiba yake usiku, na sukari inaweza kushuka saa nane umelala. Kipande cha mkate na maziwa nusu gilasi.

Simu imeingia ujumbe wa mama wa yule kijana. Kliniki yao ni Jumanne, na anauliza kama naweza kwenda naye, kwa sababu maswali anayo lakini ataogopa kuyauliza. Nimemjibu nitakuja saa mbili kamili. Sare zitangoja mpaka mchana, na kaptula za timu nitazianza kesho baada ya alfajiri.