Fimbo ya kupimia tangi la Mikindani: nilipofikia

Siku ya 1

Mjomba wangu wa Mikindani ana kitalu cha miche ya mikorosho, na nyuma ya nyumba ana tangi la chuma la mviringo, limelazwa juu ya matofali, linakinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Kipenyo sentimita 120, urefu 250. Likijaa ni lita 2,827. Anapima kwa fimbo ya mwanzi kupitia tundu la juu: ikilowa hadi 60 ni nusu, ikilowa hadi 30 ni robo.

Nusu yuko sawa. Kwenye robo anapunjika. Tangi likilala, chini huwa jembamba, kwa hiyo kwenye 30 mna lita 553 tu, wakati robo ni 707. Zinapungua 154, karibu ndoo nane za lita 20. Nilipomwambia akacheka: "Haya mjomba, niwekee hiyo robo yako ya kweli."

Sharti nililojipa: kitufe cha kipeuo cha pili (namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata uliyopewa) sikigusi. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, basi. Mengine naandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Siku ya 2

Kipeuo kinahitajika mapema kuliko nilivyodhani. Upana wa uso wa maji unapatikana hivi: zidisha kina cha maji kwa nafasi iliyobaki juu, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa mbili. Nikitaka lita, nakata maji vipande vya milimita moja moja na kujumlisha.

Njia ya kipeuo ni ya kizamani: kisia, gawanya, chukua wastani, rudia. Heron wa Alexandria, karne ya 1, alitafuta kipeuo cha 720. Akaanza na 27. 720 gawanya kwa 27 ni 26 na theluthi mbili. Wastani wake 26 na 5/6. Ukizidisha jibu hilo kwa lenyewe unapata 720 na 1/36. Hatua moja tu! Na Wababiloni, zaidi ya miaka 1,600 kabla yake, walishachora kwenye udongo kipeuo cha 2 kilicho sahihi hadi desimali ya tano.

Siku ya 4

Sasa kazi yenyewe: ni kina gani kinachotoa lita 707? Nilianza na kugawa nusu. Jibu liko kati ya 0 na 60. Jaribu 30, maji hayatoshi, basi liko kati ya 30 na 60. Jaribu 45, yamezidi, rudi. Baada ya mara 16 nafasi iliyobaki haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sentimita. Haina ujanja, ila haikosei.

Njia ya Newton nilikuwa naiogopa tangu shuleni. Aliiandika 1669, Mwingereza mwenzake Raphson akaichapisha 1690 kwa sura nyepesi zaidi. Kumbe kwenye tangi haina maajabu: tazama lita zinazopungua, gawanya kwa lita zinazoingia katika kila sentimita ya uso ulionao, upandishe kina kwa kiasi hicho. Kwenye 30 uso una upana wa sentimita 104, yaani lita 26 kwa sentimita. Lita 154 gawanya kwa 26, panda 5.93. Kwenye 35.93 zimezidi lita 4.6, shuka kidogo: 35.76. Hatua mbili, nimemaliza. (Wastani wa Heron nao ni njia hiihii, nilikuwa naitumia bila kujua.)

Siku ya 5, usiku

Nimepoteza saa tatu. Kwa kiburi nikaanzia kina cha sentimita 1 badala ya 30, programu ikaganda. Nikachapisha kila namba inayopita kwenye kipeuo: 55, 15.8, hasi 33, 3, hasi 210... inarukaruka kama panzi, haitulii.

Sababu iko chini ya tangi. Kwenye sentimita 1 uso una upana wa 22 tu, lita 5 na nusu kwa sentimita. Zinapungua 703, kwa hiyo Newton akaniambia panda 129. Kina kikawa karibu 130 kwenye tangi la 120! Nafasi ya juu ikawa hasi, nami nikawa nadai kipeuo cha hasi 1,290. Wastani wa Heron hauwezi kutulia hapo, maana hakuna namba ya kawaida inayozidishwa kwa yenyewe ikatoa hasi: hakuna pa kutulia.

Nimeweka uzio: hatua ikitoka nje ya tangi, programu inagawa nusu badala yake, kisha inarudi kwa Newton.

Siku ya 11

Alama zimekaa kwenye mwanzi kwa rangi ya kucha ya shangazi: 35.8, 60, 84.2. Tukapima maji yalipokuwa kwenye 30, tukamimina ndoo nane. Hesabu ilisema 36 kasoro kidogo. Fimbo ikalowa hadi 36.2. Nikashuku ndoo. Nikaipima upya, haina kosa.

Nikaazima pimamaji kwa fundi jirani, nikaliweka juu ya tangi. Limeinama upande wa bomba, na tundu la fimbo liko upande huohuo.

"Nililiinamisha makusudi," mjomba akasema, "tope litokee bombani."

Kutoka ncha hadi ncha ni kama sentimita 7. Vipande vyangu vya milimita sasa havina upana mmoja wala urefu mmoja.