Vya Mfukoni na vya Mkobani Wakati wa Kaskazi

Kila kaskazi inapoanza kuvuma, kati ya Desemba na Machi, huumwaga mkoba wangu wote juu ya mkeka nikatazama kipi kimenusurika miezi ya kusi na kipi kimekwisha kuliwa na kutu. Hayo ndiyo majira yetu ya joto hapa Mombasa: jua kali, bahari tulivu kuliko miezi mingine, maji maangavu, na jasho ambalo halikauki mwilini kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Watu wa Ulaya na Marekani huandika sana juu ya vifaa wanavyobeba kila siku wakati wa joto lao, nami huwasoma kwa raha. Lakini mapendekezo yao mengi hufa kabla ya kuvuka Likoni, kwa kuwa walioyaandika huishi mahali ambapo hewa haina chumvi.

Mimi hulala Likoni na kufanya kazi kisiwani, kwa hiyo siku sita za juma navuka kwa feri asubuhi na jioni, na Jumamosi alasiri, au Jumapili maji yakiwa mazuri, hutoka na mjomba wangu, mvuvi wa Mtongwe, kwenda mwambani. Kifaa changu basi lazima kiyaweze yote mawili, msongamano wa watu kwenye feri na maji ya bahari, na baada ya hapo kikubali kuoshwa kwa maji ya mfereji na kuanikwa. Kisichooshwa hakikai kwangu, hata kikisifiwa vipi.

Nianze na kisu, kwa kuwa ndicho kilichonifunza. Kisu changu cha kwanza cha maana kilitoka ng'ambo kikiwa na mpini wa mti uliong'arishwa, na wembe wake ulikunjika ukaingia ndani ya mpini ule kama ulimi mdomoni. Kilikuwa kizuri sana cha kutazamwa. Baada ya wiki tatu za unyevu wa pwani, mti ulivimba, ufa wa kuingilia wembe ukabana, na siku ambayo nyavu zilinasa kwenye jiwe na kamba ikahitaji kukatwa upesi, nilikaa ndani ya mtumbwi nikikikwangua kisu kwa kucha bila kufunguka. Mjomba alitoa kisu chake cha jikoni, kilichoviringwa kwenye kitambaa cha kaniki, akakata kamba, akakiviringa tena. "Mjomba," akaniambia, nasi huitana hivyo sote wawili, "kisu chako kimelala, kiache kilale." Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Ninachobeba sasa ni kile kisu chekundu cha Uswisi ambacho kila mtu amekiona, cha Victorinox, chenye urefu wa milimita 91 kikiwa kimefungwa. Karl Elsener alifungua karakana yake ya visu huko Ibach mwaka 1884, na kisu cha maofisa, kile chenye wembe na vifaa vingine ndani yake, kilisajiliwa mwaka 1897. Jina la kampuni lilitokana na Victoria, mama yake Elsener, likaungwa na neno inox, kifupisho cha neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu. Jina hilo hunifurahisha kila ninapolisoma ubavuni mwa wembe, kwa sababu ahadi iliyomo ndani yake inahitaji msaada wa mwenye kisu akiwa mtu wa pwani. Chuma cha aina hiyo huwa na kromiamu, kuanzia takriban asilimia 10.5 na kuendelea, ambayo hujitengenezea ngozi nyembamba juu yake na kuizuia hewa isikile. Lakini kloridi iliyomo katika chumvi huitoboa ngozi ile hapa na pale, na ndiyo sababu kisu kisichoshika kutu huota vidoa vidogo vyeusi, kimoja kimoja, kama tundu za sindano. Mara nyingi vidoa hivyo huanzia usipopaona, kwenye bawaba na chini ya springi, mahali ambapo maji ya bahari yaliingia yakakauka yakaacha chumvi.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Nikirudi nyumbani hukitia kisu ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, nikafungua na kufunga kila kifaa ndani ya maji yale mara kadhaa mpaka mchanga utoke, kisha hukifuta, hukianika kikiwa wazi dirishani, na kikikauka hutia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Niliwahi kutumia mafuta ya nazi kwa kuwa yalikuwa karibu. Kwa siku chache yalifanya kazi vizuri, kisha yakanata kama gundi, na asubuhi moja nikakuta mstari wa sisimizi ukipanda dirishani kuelekea kwenye kisu changu.

Kazi zake ni ndogondogo: kumenya embe, kwa kuwa kaskazi ndiyo msimu wake, kukaza skrubu ya miwani, kufungua maboksi ofisini, kukata uzi wa kuvulia. Kibano chake kidogo huvuta vijiti na vigae vya miguu, ingawa hakifui dafu mbele ya miiba ya wale viumbe weusi wa mwambani, ambayo huvunjika ndani ya nyama ukiigusa tu. Kwa hiyo wazee hupaka utomvu wa papai na kusubiri. Tahadhari moja tu: kisu hakipiti kila mlango. Kwenye lango la jengo moja la mjini askari alikiona katika upekuzi, akakitia ndani ya katoni pamoja na vya wenzangu, na niliporudi zamu ilikuwa imebadilika na katoni haikuonekana. Kisu ninachokieleza hapa ni cha pili. Siku nikijua nina safari ya jengo kama hilo, kinabaki nyumbani.

Wengine wataniuliza mbona sibebi koleo la kukunjwa, lile lililobuniwa na Tim Leatherman baada ya safari yake ya Ulaya ya mwaka 1975 kwa gari kuukuu, na kuanza kuuzwa mwaka 1983. Ninalo, na nalipenda, lakini hukaa ndani ya sanduku la mtumbwi. Kitu chenye uzito wa gramu mia mbili na ushei ndani ya mfuko wa kanzu siku ya Ijumaa hukuvuta upande mmoja kama mtu aliyeteguka nyonga.

Baada ya kisu ni tochi, nayo nimeihamisha kutoka mkononi hadi kichwani. Maji yakitoka usiku wakati wa bamvua, pale mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu na bahari hupwa mbali kuliko kawaida, mikono yote miwili ina kazi, na tochi ya mkononi huishia mdomoni. Ya kichwani yenye lumeni 100, yaani kipimo cha mwanga unaotoka, inatosha kabisa. Zaidi ya hapo maji huurudisha mwanga machoni mwako. Stima ikikatika nyumbani hutumika hiyo hiyo, na mke wangu huivaa akipika bila kuona haya. Nimejifunza kusoma alama za kuzuia maji kwa makini zaidi kuliko bei. IPX4 maana yake inastahimili maji ya kurushiwa tu. IPX7 maana yake ilizamishwa mita moja kwa dakika 30 bila kudhurika. Jaribio hilo, hata hivyo, hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, na anayeitumia tochi baharini anapaswa kuiosha kama anavyokiosha kisu. Tochi yangu ya kwanza ya kichwani haikufa kwa maji. Niliisahau drooni msimu mzima wa kusi ikiwa na betri za kawaida ndani yake, zikavuja, na nilipoifungua nikakuta unga mweupe umeila springi hadi ikakatika. Sasa natumia betri za kuchajiwa, na tochi isipotumika wiki mbili hutoa betri nikaziweka kando.

Nikilazimishwa kubakisha kitu kimoja tu kati ya vyote, nitabakisha kikoi. Najua kikoi hakimo katika orodha za vifaa, kwa kuwa hakina skrubu wala hakikunjwi kwa kidole gumba, lakini hakuna kifaa changu chenye kazi nyingi kama hicho. Ninacho kimoja cha rangi ya samawati, nilichonunua Biashara Street miaka saba iliyopita, na pamba yake sasa imelainika hivi kwamba ukikikunja vizuri kinaenea ndani ya ngumi mbili. Kwenye feri, foleni ikiwa ndefu na jua likiwa utosini, hukitia maji nikajifunga shingoni. Maji yanapokauka huondoka na joto, na hapo unapata nusu saa ya nafuu. Mwambani nikitoka majini ni taulo, na nikibadilisha nguo ni chumba. Ukifunga ncha mbili juu na mbili chini huwa mfuko wa kubebea samaki wawili watatu wakubwa. Mwanangu akilala ndani ya mtumbwi, hutandikwa upande mmoja na kufunikwa upande mwingine. Mwaka jana jirani alipoteleza kwenye ngazi za ufukweni na kuuumiza mkono, tulimfungia mkono shingoni kwa kikoi hicho hicho mpaka hospitalini, na alikirudisha kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi, jambo ambalo halikuwa limewahi kukipata. Chumvi hakijali hata kidogo. Ndoo moja ya maji, kamba ya kuanikia, na kwa upepo wa kaskazi kimekauka kabla ya chai kuiva.

Kichwani huvaa kofia pana ya ukili, ya miyaa iliyosukwa, ambayo wenzangu wa ofisini huicheka mpaka wafike foleni ya feri. Mombasa iko digrii 4 hivi kusini mwa ikweta, na kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita juu ya utosi kabisa. Mwezi wa Machi hilo hutokea yapata saa sita na nusu mchana. Niliwahi kusimama uwanjani siku hizo nikakitafuta kivuli changu nikakikuta kimejikusanya chote chini ya nyayo, na nguzo ya taa iliyokuwa kando yangu haina kivuli cha kumsitiri hata paka. Siku kama hizo kofia ya kawaida yenye ukingo wa mbele tu haisaidii shingo wala masikio. Miwani ya jua ninayoipendelea ni ile inayokata mng'ao wa maji, ambayo hukuwezesha kuliona jiwe lililo chini kabla mtumbwi haujaligusa; kasoro yake ni kwamba kioo cha simu huweza kuwa cheusi ukikitazama kwa pembe fulani, nami nimewahi kudhani simu imezima katikati ya kulipa nauli.

Chupa ya maji sina mengi ya kuisema. Ni ya chuma, ya kuta mbili zisizo na hewa kati yake, na barafu niliyoitia alfajiri huikuta adhuhuri. Tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika maeneo yaliyohifadhiwa, zikiwemo hifadhi za baharini, kwa hiyo anayekwenda kwenye hifadhi ya bahari ya Mombasa inampasa awe na chupa yake hata kama hapendi. Kamba nabeba mita tano za nailoni nyembamba, aina ambayo watu huiita 550 kwa sababu hukatika kwa uzito wa ratili 550, yaani takriban kilo 250. Mjomba bado anaamini usumba, na katika kufunga mafundo yanayokaa yakilowa sijapata hoja ya kumshinda.

Miguuni sikubaliani na wanaokwenda mwambani na ndara. Ndara hunyonywa na tope, huteleza juu ya mwani, na kisigino kikiwa wazi ndipo miiba huingia. Viatu vya mpira vilivyofungwa mbele na nyuma, vile vya bei nafuu ambavyo watoto wa shule huvaa wakati wa mvua, vimenifaa kuliko viatu vya ufukweni vya bei ghali nilivyoletewa zawadi, ambavyo soli yake ilibanduka kwa jua katika msimu wa pili.

Kilichonishinda mpaka leo ni zipu ya mkoba. Nimepoteza mikoba mitatu kwa njia moja: kitambaa kizima, mishono mizima, mikanda mizima, na kichwa cha zipu kimegandamana na chumvi hadi kikikubali kusogea hung'oa meno. Mkoba wa sasa una meno ya plastiki, lakini kichwa chake ni cha chuma kilichopakwa rangi, na rangi imeanza kubambuka upande wa kushoto. Jana usiku nilisugua mshumaa juu ya meno yote, nikaivuta zipu kwenda na kurudi mara ishirini mpaka ikawa inateleza, kisha nikaufunga mkoba na kuutundika nyuma ya mlango. Jumamosi mwezi ni mpevu, maji yatapwa mbali, na mjomba amesema tutoke mapema.