Kijiti cha Kukwangulia Jembe

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nimeshindwa kuandika jambo nililodhani lingenichukua dakika chache. Familia iliniomba niandae wasifu wa baba yangu mdogo, ambaye Bwana amemtwaa, ili usomwe kwenye ibada ya mazishi. Nikaandika kwamba alizaliwa na kulelewa shambani, kwamba alioa, kwamba ameacha mjane, watoto na wajukuu, kisha kalamu ikagoma. Hakuwahi kuwa na cheo, na hata kanisani hakushika uenyekiti wa kamati yoyote. Nakiri kwa aibu kwamba nilianza kutafuta la kuurefusha.

Ndipo nikakumbuka kijiti. Kila alipotoka kulima, baba mdogo alisimama nje ya mlango na kukwangua udongo ulioganda kwenye jembe, taratibu, kwa kijiti alichokichonga mwenyewe, na muda wote huo alituuliza mmoja mmoja jinsi tulivyoshinda. Babu ndiye aliyemfundisha tangu utoto kwamba jembe likilala na udongo huliwa na kutu. Nami naamini kwamba pamoja na udongo alikuwa akiuacha hapo nje uchovu wake, kwa maana sikumwona hata siku moja akiingia ndani na ukali.

Zaburi ya 128 ni mojawapo ya zile nyimbo 15 za kupanda mlima. Tazameni jinsi inavyostaajabisha: wimbo wa msafiri aendaye nyumbani mwa Bwana unaitaja meza ya nyumbani kwake, na wanawe wakiizunguka kama miche ya mizeituni. Mzeituni hauna haraka. Hupita miaka kabla haujazaa, na ule uliozeeka huchipuza miche kwenye shina lake, kwa hiyo aliyelelewa shambani huuelewa mstari huu upesi kuliko sisi tuliousoma vitabuni tu.

Hapa naomba niseme na akina baba wenzangu, nikianza na nafsi yangu. Tunawahi kila kikao cha huduma, tunaomba kwa sauti mbele za watu, lakini watoto wetu wanatufahamu kwa mlio wa funguo usiku wakiwa wamekwisha kulala. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wale wa nyumbani mwake ameikana imani, nasi tumeufanya mstari huo kuwa wa fedha peke yake, kana kwamba mtoto akilipiwa ada amekwisha kutunzwa. Ndugu zangu, rudini nyumbani! Rudini mkiwa bado mna nguvu ya kusikiliza habari isiyo na maana yoyote ya mtoto wa miaka mitano, na ukali wa kazini mkauache mlangoni. Mimi mwenyewe wiki hii nimeomba udhuru katika kikao kimoja, na wala huduma haikuanguka, jambo ambalo, niseme kweli, liliniumiza kidogo.

Wasifu nimeuandika upya, na bado ni mfupi. Nilipomsomea mama mdogo sehemu ya kijiti, alinyanyuka bila kusema neno, akapapasa juu ya kizingiti cha mlango, akakitoa na kuniwekea mkononi, nami nikaona jinsi kilivyolika upande mmoja.