Nilivyobishana na fundi kuhusu taa za nyumbani

"Dada, weka nyeupe nyumba nzima, ndiyo za kisasa." Fundi umeme huyo. Shemeji naye akadakia kwamba taa za njano ni za gesti. Basi jipsamu ya sebule ikatobolewa mashimo kila kona, taa nyeupe zikawashwa, na mama mkwe alipokuja akaniuliza kama naumwa. Nilipolalamika, dawa ya fundi ilikuwa moja tu: ongeza wati.

Wati! Hizo ni za umeme unaoliwa. Mwanga unasomwa kwenye lumeni. Balbu ya kizamani ya wati 60 ilitoa lumeni kama 800. LED inatoa hizo hizo kwa wati 8 au 9, na Luku inapumua. Rangi ya mwanga iko kwenye namba yenye K: 6500K ni nyeupe ya kubluu, 3000K ni njano, 4000K iko katikati.

Kariakoo nikanunua moja moja ya kila aina, na holda ya ekstensheni. Hapo ndipo nilipojipatia sifa. Usiku nikazima taa zote, nikafunga holda kwenye mti wa fagio la buibui, nikamkabidhi mdogo wangu azunguke nayo huku namwelekeza: juu, shusha, sogea ukutani. Majirani sijui walituelewaje. Jikoni, balbu ikiwa katikati ya dari, kivuli changu mwenyewe kilikaa juu ya ubao wa kukatia vitunguu. Akaisogeza chini ya kabati, kivuli kikatoweka. Kwenye kioo, taa ya juu ilinichimba macho. Ikishuka usawa wa uso, moja kila upande, hata wanja unapakika.

Kisha nikatandika kanga mbili, nyeusi na ya bluu iliyokolea. Chini ya balbu rahisi zilikuwa kitu kimoja. Chini ya iliyoandikwa Ra 90 (Ra ni kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, mwisho wake 100), rangi zikaachana. Tangu hapo naenda dukani na kanga kwenye mkoba, wacheke wakitaka. Na ukiwashiwa balbu dukani, ielekeze kamera ya simu. Ukiona mistari inatembea kwenye skrini, hiyo inawaka na kuzima haraka haraka bila jicho kuona, irudishe.

Sebuleni sasa kuna za ukutani za 3000K na moja ya kusimama karibu na kochi. Za jipsamu zina swichi yake, nawasha nikitafuta hereni iliyoanguka. Jikoni 4000K. Bafuni chukua yenye alama ya IP44, yaani inahimili maji ya kurukia, maana maji hayana mzaha. Halafu tazama holda kabla ya kulipa, ya pini au ya kuzungusha, maana kurudi Kariakoo kwa kitu hicho ni nauli na jua.

Gharama? Elfu kadhaa hapa, elfu kadhaa pale. Kutoboa jipsamu kulinila zaidi. Shemeji ameshaniomba boksi la zile za ukutani alipige picha. Nyeupe za fundi nimezihamishia stoo na koridoni, huko napita tu.